Karakana ya Cheche

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma ambaye watu wote walimwita Cheche, hata mkewe akaona uvivu kumwita jina jingine. Kazi hiyo aliianza ndevu zikiwa bado zinamwota kwa kusitasita, na miaka yote aliifanya juani. Hakuwa na karakana. Alikuwa na turubai kando ya barabara, lililofungwa upande mmoja kwenye nguzo ya umeme na upande wa pili kwenye ukuta wa duka la rangi. Mvua ikinyesha, aliifunika mashine kwa gunia la plastiki, yeye akalowa.

Mageti ya watu, madirisha ya watu, vitanda vya watu, vyote vilitoka chini ya turubai lile. Kila alipomaliza kazi kubwa, alijibakizia chuma kimoja akakipeleka nyumbani. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja kitupu, na hapo ndipo alipokuwa akijikusanyia karakana yake kipande kwa kipande: nguzo nene za mraba, kenchi za paa alizoziunga mwenyewe kila alipopata nafasi, na mabati yaliyopangwa juu ya matofali yasipate kutu. Kenchi zile zilisimama zimeegemea ukuta wa jiko muda mrefu hivi kwamba mkewe alizizoea, akawa anaanikia nguo.

"Karakana yako ni nzuri sana kwa mashuka," alikuwa akimwambia.

"Cheka tu," Cheche alimjibu. "Siku ikisimama utaniomba kiti ukae ndani."

Macho yalianza kumsumbua kidogo kidogo. Aligongana na miimo ya milango ya nyumba yake mwenyewe. Alimkanyaga kuku wa jirani aliyekuwa amesimama waziwazi kando ya mguu wake, jirani akadhani amefanya makusudi, wakanuniana. Mteja akimsalimu kutoka ubavuni, Cheche hakuitika, na watu wakaanza kusema fundi siku hizi ameota pembe. Mwisho alikwenda kwa daktari wa macho peke yake, akikusudia kupewa miwani.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimpima kwa muda mrefu, kisha akasogeza kiti chake karibu.

"Baba, hii ni presha ya macho. Pembeni umeshapoteza, pande zote mbili. Kilichokwenda hakirudi. Tutajaribu kulinda kilichobaki, ila hata hicho siwezi kukuahidi. Unafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa vitu vidogo vidogo," Cheche alisema.

"Basi usipande juu ya kitu chochote kirefu. Na nyumbani wajue, ili wakusaidie. Ugonjwa huu si wa kubeba peke yako."

Alipofika nyumbani, mkewe alimuuliza wamesemaje. "Vumbi," alijibu. "Wamenipa dawa ya matone." Mkewe akamdondoshea matone yale kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi na jioni, akimwambia afumbe macho kama mtoto, naye Cheche akafumba, na chozi na dawa vikateremka pamoja bila mtu kujua kipi ni kipi.

Aliuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokuwa mbele kabisa alikiona. Vingine vyote vilikuwa vimeondolewa. Akawaza, na mawazo yake hayakuwa ya kipumbavu. Fundi mwenye karakana hata akipofuka anaweza kuajiri vijana, akakaa kitini, akawaelekeza kwa mdomo, akasikiliza kwa sikio kama chuma kimeshika. Fundi mwenye turubai akipofuka ni kipofu aliyekaa kando ya barabara. Kwa hiyo karakana lazima isimame kabla bomba halijaziba. Akapiga moyo konde, akawaita rafiki zake.

Rafiki hao walikuwa watatu. Wa kwanza ni Kobe, fundi mwashi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Yeye na Cheche waliishi chumba kimoja walipokuwa wanajifunza kazi, wakajifunika blanketi moja, na kila mmoja alimsimamia mwenzake kwenye harusi yake. Wa pili ni Twiga, fundi wa mapaa, mrefu na mkavu kama mwanzi. Wa tatu alikuwa na lori la kubebea mchanga, naye waliishia kumwita Dereva tu. Kwa miaka mingi wote watatu walikuwa wakimwambia Cheche, siku ukiwa tayari tuite, kidole kimoja hakivunji chawa.

"Nilidhani utatuita tukiwa na mikongojo," Kobe alisema alipokuja kuchimba misingi. Alichimba taratibu, akamwaga zege, akazamisha bolti za kushikia nguzo, akapima, akapima tena, akarudi kesho yake kupima zikiwa zimekauka. "Sasa hata tetemeko likija litapiga hodi kwanza," alisema.

Siku ya kusimamisha vyuma walifika mapema, jua likiwa bado halijapata makali. Nguzo zilisimama kwa utani na kelele. Dereva alivuta kwa lori, Twiga akaelekeza, Kobe akashika timazi akiwakatalia kila mara: "Bado. Imeinama kama mlevi anayejifanya mzima. Rudisha kidogo." Nati zikakazwa. Kabla ya saa ya chai, nguzo zote zilikuwa wima, na kiwanja kilichokuwa kitupu kikawa na sura ya chumba kikubwa kisicho na kuta. Cheche alisimama katikati, akageuza kichwa polepole ili aione yote, kipande baada ya kipande, maana kwa mara moja haikumwenea tena machoni. Furaha ilimpanda.

Kobe alimletea kikombe cha chai kutoka ubavuni. Cheche hakukipokea. Mkono wa Kobe ulibaki hewani.

"Umenisusia?"

Cheche akashtuka, akageuka. "Nilikuwa nawaza."

"Wewe na mawazo mlijuana lini?" Kobe akamwekea kikombe mkononi, akamtazama kidogo, kisha akaenda zake kukunja kamba.

Baada ya chai ikaja kazi ya kenchi. Kila moja ilipandishwa kwa kamba na puli, ikakalishwa juu ya nguzo mbili, Twiga akaishika, na Cheche akapanda ngazi na mashine yake kuunga ncha moja, kisha akashuka na kupanda upande wa pili. Kuchomelea ilikuwa kazi yake. Hakuna mwingine pale aliyeijua. Akivaa kinyago, fundi haoni chochote isipokuwa ule moto mweupe, na kwa miaka mingi Cheche aliufuata mstari kwa kukisia na ncha ya jicho, bila kujua kwamba ndivyo anavyofanya. Sasa ncha ya jicho haikuwepo. Aliona moto, hakuona unapokwenda. Akauachia mkono ukumbuke wenyewe.

Kenchi ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili pia. Ya tatu, jua lilikuwa limeshapanda na jasho likimwingia machoni. Alipomaliza alivua kinyago, akainama, akatafuta kiungo, akaona mstari wa weldi uking'aa. Kama uko pale unapotakiwa kuwa, hakuona vizuri. Akaugonga kwa nyundo. Ulitoa mlio ambao masikio yake yaliutaka.

"Imeshika?" Twiga aliuliza kutoka upande wa pili.

"Imeshika."

Twiga hakuja kutazama. Kazi ya Cheche haikaguliwi. Huo ulikuwa msemo wao tangu ujana.

Wakashuka kula. Mkewe Cheche alikuwa amepika chakula cha kutosha kikosi kizima, akawasimamia mpaka wakamaliza. Dereva alisema akila zaidi lori litakataa kumbeba. Twiga alisema Kobe anakula kama anavyojenga, tofali moja moja. Cheche alicheka pamoja nao, na kwa kitambo kile alisahau.

Ilibaki kenchi ya mwisho. Walikuwa wamehamishia puli kwenye kenchi ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Twiga akapanda tena juu ya nguzo kuipokea, Dereva akaingia kwenye lori, akaanza kuvuta pole pole. Kobe alisimama chini akishika kamba ya kuongozea, mzigo usije ukayumba na kuigonga nguzo. Kenchi ikanyanyuka kutoka ardhini, ikapita magoti, ikapita vichwa. Hapo ndipo kiungo kule juu kilipoachia.

Hakikutoa mlio mkubwa. Kilikatika kama mtu anayevunja kijiti. Kenchi ya tatu ikachomoka upande mmoja, ikapinduka, ikaangukia ile iliyokuwa inapandishwa, na vyuma vyote viwili vikaja chini. Twiga alipiga ukelele akiwa juu ya nguzo. Cheche alikuwa chini, amesimama karibu kabisa na Kobe, lakini hakuona kitu. Aliona mbele yake tu, na kilichokuwa kinakuja kilikuja kutoka pembeni. Mtu mwenye macho angemvuta mwenzake mkono. Yeye aligeuka aliposikia kishindo, akatafuta kwa bomba lake dogo, akaona kwanza kiatu, halafu kamba, halafu Kobe amelala kifudifudi chini ya chuma, anasema kwa sauti yake ile ile ya polepole, "Miguu yangu iko wapi? Mbona siisikii?"

Hospitali walisema ni uti wa mgongo. Walisema wasubiri uvimbe upungue. Uvimbe ulipopungua, walisema Kobe hatatembea.

Dereva ndiye aliyejitwika mzigo. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, kofia imekunjwa mikononi, akirudia maneno yale yale kwa kila aliyepita. "Ni mimi niliyevuta kwa nguvu. Mguu ulinizidi. Nimemvunja mtu mimi." Mkewe Kobe alimwambia ajali haina kinga. Twiga alimwambia vivyo hivyo. Cheche alikaa pembeni yake kwenye benchi hilo hilo, bega kwa bega, akasikia kila neno, akanyamaza. Alitaka kusema. Kila alipofungua mdomo alijiambia, huenda kweli ni lori, nani ajuaye? Lakini mkono wake ulijua. Mkono wa fundi haudanganyiki.

Ukweli ulikuja wenyewe mpaka mlangoni. Twiga alikwenda kule kiwanjani kuondoa vyuma vilivyoanguka, na alasiri moja akaingia sebuleni kwa Cheche akiwa na Dereva nyuma yake. Mkewe Cheche alikuwa amekaa anachambua maharage. Twiga hakuketi. Alikuwa ameshika kipande cha bamba la chuma, kile kilichokuwa kichwani mwa nguzo, alichokikata kwa msumeno.

"Shika," alimwambia Cheche.

Cheche akapokea, akapitisha kidole gumba. Weldi ilikuwepo, nzuri, imejaa, imenyooka kama kazi zake zote. Ila ilikuwa juu ya bamba peke yake. Pale chuma cha kenchi kilipokutana na bamba palikuwa laini, hapakuguswa. Kilichokuwa kimeishikilia kenchi ni nukta moja ndogo pembeni.

Twiga akasogea ubavuni mwake, akanyoosha mkono. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Twiga, acha mambo hayo."

"Nimekuuliza vidole vingapi."

Cheche hakuona vidole. Hakuona mkono. Hakujua hata umenyooshwa upande gani. Sinia la maharage likatulia.

"Vumbi," mkewe alisema polepole. Hakupandisha sauti. "Ulisema ni vumbi. Asubuhi na jioni nakutilia dawa ya vumbi."

Dereva alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa amekonda, shati lilimning'inia. "Nimekaa nawe benchi moja," alisema. "Nililia mbele yako, Cheche. Chakula hakinipiti. Watoto wangu wananiogopa, wanasema baba anaongea peke yake. Na wewe ulikuwa unajua."

"Sikuwa na hakika."

"Ulikuwa na hakika ya kutosha kunyamaza," Dereva alisema, akavaa kofia yake, akatoka. Twiga alisimama kidogo zaidi, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha naye akatoka bila kuaga. Lile bamba alimwachia mkononi.

Kesho yake Cheche alikwenda hospitali. Mkewe Kobe alikuwa nje ya wodi akikamua nguo kwenye beseni, akamwambia, "Karibu shemeji, ubarikiwe kwa kuja kila siku," na maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa. Kobe alikuwa amelala chali, shuka limevutwa mpaka kifuani, chini ya shuka miguu imepangwa sambamba kama vitu vya mtu mwingine. Cheche alimweleza yote, kuanzia kwa daktari mpaka benchini. Hakujitetea. 

"Ungeniambia," Kobe alisema mwishowe, "ngazi ningepanda mimi. Wewe ungekaa chini unanielekeza."

"Hujui kuchomelea."

"Ningejifunza. Mwaka mzima ningejifunza. Mimi na haraka tulijuana lini?" Alilinyoosha shuka kifuani. "Kikombe nilikiona. Nilikupa chai mkono ukabaki hewani, nikajisemea, huyu ana jambo. Nikaliacha lipite. Kwa hiyo na mimi nimo kidogo. Lakini kidogo tu, Cheche. Kidogo tu."

"Najua."

"Nilikuwa napenda kutembea," Kobe alisema, kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza amegundua. "Naenda kazini kwa miguu, narudi kwa miguu. Watu walikuwa wananicheka." Akageuzia uso ukutani. "Nenda sasa. Sitaki kukutukana, na nikiendelea kukutazama nitakutukana."

Karakana ilisimama hata hivyo. Twiga na Dereva walirudi na fundi mwingine wa kuchomelea, wakakata viungo vyote, vibovu na vizima, vikaungwa upya. Cheche alipotoka nje kuwashukuru, Twiga alimwambia waziwazi kwamba hawakuja kwa ajili yake. Vyuma vikiachwa vinaning'inia vile vitaua mtu mwingine. Walifanya kazi bila utani. Mabati yakapigwa, kuta zikafungwa, mlango mkubwa wa kusukuma ukawekwa. Mkewe aliwapikia, wakala wamesimama, wakaondoka.

Cheche alimtuma Twiga kwa Kobe na ujumbe kwamba karakana ni yake, aichukue, aifanyie atakalo. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo. "Amesema atafanya nini na banda," Twiga alieleza, akitazama chini. "Amesema akae humo akitazama juu?" Baadaye mkewe Cheche alijaribu kumkodishia seremala mmoja, na seremala akakubali, kisha akasikia habari, akarudi kusema amepata pengine. Basi jengo likabaki tupu. Lilikuwa zuri. Kila aliyepita barabarani alisema ni zuri.

Bomba likaendelea kuziba. Mkewe alimsamehe kwa namna yake, yaani alimtilia dawa, akamfulia, akamwongoza, lakini zile kejeli zake za zamani hazikurudi, na nyumba bila kejeli zake ilikuwa kama nyumba ya kupanga. Mashine ya kuchomelea iliuzwa. Turubai la barabarani alilichukua mtu mwingine, hata ruhusa hakuomba.

Kila upepo ulipovuma, Cheche alijikongoja mpaka kule nyuma, akasukuma mlango, akaingia. Alihesabu nguzo kwa kupapasa mpaka akafika ile ya tatu, akaweka kiganja juu ya chuma, akasubiri kitikisike. Mabati yalinguruma juu yake. Nguzo haikutikisika. Ile ilikuwa kazi ya mtu mwingine, na ilikuwa imeshika.

Jioni moja upepo ulikuwa mkali zaidi, na mkewe akamfuata humo humo.

"Toka, twende ndani. Vumbi litakuumiza," alisema, kisha akalisikia neno lililomtoka.

"Nakuja."

Hakuja. Alibaki ameegemeza paji la uso kwenye nguzo. Mkewe alisubiri mlangoni kitambo, halafu akaingia, akamshika kifundo cha mkono, akaanza kumwongoza kutoka. "Kuna kizingiti hapo," alimwambia. "Inua mguu."

Akainua mapema mno, akajikwaa vilevile.